Soma mkia wa ndege kabla ya kupakia mzigo

Na Mwandishi Wetu, Juba

GUDELE ni mahali ambapo mzigo hupumzika kabla ya kuendelea na safari. Unga, sabuni, mabati, simu na vipuri vya pikipiki hupita mpaka wa Elegu na Nimule, hupanda kilomita 192 za lami hadi Juba, kisha sehemu kubwa huuzwa papa hapa. Kinachobaki kina njia ndefu mbele yake: Wau, Aweil, Rumbek, Bentiu, Malakal. Wakati wa kiangazi lori litafika, kwa shida. Mvua zikianza kumwagika sawasawa, udongo mweusi hugeuka utelezi, na mfanyabiashara anabaki na mambo mawili ya kuchagua, boti ya mtoni au ndege.

Hapo ndipo mtu aliyezoea kubishana na madereva wa malori, anayejua kila karatasi ya forodha kwa rangi yake, anajikuta chini ya bawa la ndege ya mizigo bila kujua aulize nini. Lori angeligonga tairi kwa kisigino na kumtazama dereva machoni. Ndege anaipanda kama ilivyo.

Mwanafunzi wa urubani, awe Soroti nchini Uganda au kwenye shule za Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, hana budi kufaulu mtihani wa sheria ya anga kabla ya kupewa leseni. Somo hilo halina hesabu nyingi. Linaeleza anga ni ya nani, ndege ni ya nani, karatasi zipi ziwemo ndani, na neno gani lisemwe kwa mnara wa kuongozea ndege. Nusu ya somo hilo ingemfaa mwenye mzigo wa Gudele kama inavyomfaa rubani.

Herufi za mkiani

Tuanze na linaloonekana kwa macho. Kila ndege ya kiraia imeandikwa herufi na tarakimu ubavuni au karibu na mkia. Hiyo ndiyo namba yake ya usajili, na mwanzo wake hutaja nchi. Kenya ni 5Y, Tanzania 5H, Uganda 5X. Rwanda ni 9XR, Burundi 9U, Kongo 9Q. Ethiopia ni ET, Sudan ni ST, na Sudan Kusini ni Z8.

Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944 na ambao Sudan Kusini iliingia mwaka 2011 mara baada ya uhuru, unasema ndege ina uraia wa nchi iliyosajiliwa, na haiwezi kusajiliwa nchi mbili kwa wakati mmoja. Hili si pambo. Nchi ya usajili ndiyo yenye wajibu wa kuthibitisha kwamba chombo hicho kinafaa kuruka, isipokuwa kama imekabidhi wajibu huo kwa nchi nyingine kwa makubaliano maalumu. Kwa hiyo ukisoma herufi za mkiani unasoma jina la anayepaswa kuwa ameikagua.

Sasa tazama kumbukumbu za hapa. Antonov 12 iliyoanguka kando ya Mto Nile tarehe 4 Novemba 2015, muda mfupi tu baada ya kupaa kutoka Juba kwenda Paloich, ilikuwa na EY, alama ya Tajikistani. Antonov 26 iliyoungua Wau Machi 2017, ambayo abiria wake walitoka wakiwa hai, ilikuwa na S9, yaani São Tomé na Príncipe. Antonov 26 iliyoanguka Hai Referendum tarehe 22 Agosti 2020, ikiwa imebeba mishahara, pikipiki, vipuri na chakula, ilikuwa na EX, ya Kirgizistani. Na ile L-410 iliyoua watu 10 Pieri, jimbo la Jonglei, tarehe 2 Machi 2021, iliandikwa HK, alama ya Kolombia.

Ndege za nchi nne za mbali, zikifanya kazi ya kubeba watu na bidhaa ndani ya Sudan Kusini. Si kosa kisheria kwa kampuni ya hapa kukodi ndege iliyosajiliwa ng'ambo; mashirika makubwa duniani hufanya hivyo kila siku. Swali ni je, mkaguzi kutoka Tajikistani au Kolombia alifika lini Juba kuitazama? Kama hakufika, na mamlaka ya hapa haikukabidhiwa kazi hiyo, basi ndege hiyo inaruka kwa imani tu.

Wala alama ya jirani si hirizi. Ndege yenye 5Y inaweza kuharibika kama nyingine yoyote. Tofauti ni kwamba ofisi ya kuuliza iko Nairobi, na ukipanda basi utafika.

Anga lina mwenyewe

Ibara ya kwanza ya Mkataba wa Chicago inasema kila nchi ina mamlaka kamili na ya peke yake juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Kwa mfanyabiashara wa mpakani maana yake ni hii: angani pia kuna mpaka, hata kama hakuna geti wala askari wa kukugongea muhuri. Ndege ya ratiba haiingii bila kibali cha nchi inayoingiwa. Ibara ya 7 inakwenda mbali zaidi: nchi inaweza kuzikatalia ndege za kigeni kubeba abiria na mizigo ya malipo kutoka mji wake mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana ndege iliyokuleta kutoka Entebbe haiwezi tu kuamua kuendelea na abiria wapya hadi Wau kwa sababu ina viti vitupu.

Lakini kumiliki anga ni jambo moja, na kuliongoza ni jambo jingine. Marubani wanafunzi hufundishwa kwamba dunia imegawanywa katika kanda za taarifa za anga, na kila kanda ina kituo kimoja kinachozungumza na ndege zinazopita. Mipaka ya kanda hizo haifuati lazima mipaka ya nchi. Sudan Kusini ilipopata uhuru Julai 2011, anga lake la juu, kuanzia futi 24,500, liliendelea kuongozwa kutoka Khartoum. Juba iliongoza ndege zinazopaa na kutua, Khartoum ikazungumza na zinazopita juu kwa juu. Ndege hizo za kupita hulipa ada, na wafanyabiashara wanaolipa ushuru kila kizuizi cha barabarani wataelewa upesi kwa nini Juba ilitaka kazi hiyo irudi nyumbani.

Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, ndege ziliungua uwanjani na anga la Sudan likafungwa. Ndege za masafa marefu zikalazimika kuzunguka. Tangazo la aina hiyo, la kufunga anga, kuzima taa za uwanja au kuonya juu ya shimo kwenye njia ya kurukia, marubani huliita NOTAM, na rubani hulisoma kabla ya kila safari. Ukiambiwa safari yako imeahirishwa kwa sababu ya NOTAM, usidhani ni kisingizio. Ni haki yako, hata hivyo, kuuliza inasema nini.

Karatasi ambazo hazionekani

Dereva wa lori anayevuka Nimule hubeba bahasha nene. Rubani naye anayo. Ibara ya 29 ya mkataba inataja yaliyomo: cheti cha usajili, cheti cha ubora wa chombo kuruka, leseni za wahudumu wote, kitabu cha safari, leseni ya redio, orodha ya majina ya abiria yenye vituo vyao vya kupanda na kushuka, na kwa mizigo, manifesti na maelezo kamili ya bidhaa. Sharti hilo liliandikwa kwa ajili ya safari za kimataifa, lakini nchi huweka masharti yanayofanana nalo kwa safari za ndani.

Juu ya hizo kuna hati moja ambayo kampuni yenyewe lazima iwe nayo, cheti cha mwendeshaji wa ndege. Hicho hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi ya kampuni, baada ya kukagua mafundi, marubani na vitabu vyake. Cheti husema kampuni inaruhusiwa kufanya nini hasa: kubeba abiria, kubeba mizigo peke yake, au vyote. Ndege ya mizigo isiyoruhusiwa kubeba abiria haigeuki ya abiria kwa sababu mwenye bidhaa amekalia gunia lake.

Hapa sitazunguka. Desturi ya kumwachia mfanyabiashara apande na mzigo wake, kwa fedha kidogo mkononi mwa mtu wa uwanjani, imeua watu. Ajali ya Novemba 2015 iliua zaidi ya watu 35. Kwa siku kadhaa idadi ilibadilika kila taarifa ilipotolewa, kwa sababu waliokuwamo ndani walikuwa wengi kuliko walioruhusiwa kwenye orodha. Yirol nayo, tarehe 9 Septemba 2018: L-410 ni ndege ya abiria 19, na iliyoanguka ziwani ilikuwa na watu 23 pamoja na marubani wake. Ishirini walikufa.

Fikiria jambo hili kibiashara, kwa ubaridi, kama unavyofikiria deni. Mtu ambaye jina lake halimo kwenye orodha hakusafiri kisheria. Bima ya ndege hudaiwa kwa orodha. Mjane wake aliyeko Arua au Eldoret atakwenda kwa wakili na kitu gani? Tiketi hakuwa nayo, risiti hakupewa, na shahidi aliyepokea fedha hatajitokeza. Kwa hiyo kabla hujapanda, hakikisha umeliona jina lako limeandikwa, na limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Watu wa Gudele wenye majina matatu na lakabu mbili wanajua ninachosema.

Ukitaka kuhakikisha kampuni ina cheti, pa kuuliza ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Sudan Kusini, hapa Juba. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina wakala wake wa kusimamia usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, ulioanzishwa mwaka 2007 ili kanuni za nchi wanachama zifanane. Sudan Kusini ilijiunga na jumuiya mwaka 2016. Kanuni zinaweza kufanana kwenye karatasi upesi. Wakaguzi huchukua muda kufunzwa.

Tatu, tano, tisa

Ukikodi ndege ndogo kama Cessna Caravan kwenda kwenye kiwanja cha udongo, huenda ukawekwa kiti cha mbele na kuvishwa visikilizi. Utasikia Kiingereza cha ajabu, kifupi, kama cha watu waliokasirikiana. Hakuna aliyekasirika. Ni lugha iliyokatwa makusudi ili isikosewe.

Herufi hazitamkwi kama shuleni. A ni Alfa, B ni Bravo, Y ni Yankee, Z ni Zulu. Tarakimu husomwa moja moja, na baadhi hupindishwa: tatu ni "tree", tano ni "fife", tisa ni "niner", kwa sababu kwenye redio yenye mikwaruzo "five" na "nine" hufanana. Sisi tungetumia Kiswahili tungepata tabu ileile na zaidi: tatu, tano na tisa zote huanza na sauti moja, na zote zina silabi mbili!

Neno "Roger" maana yake ni nimekusikia yote, basi. Halina maana ya nimekubali, wala nitafanya. Anayekubali kutekeleza husema "Wilco". "Stand by" ni subiri nitakuita, na haimpi rubani ruhusa yoyote. "Say again" ni rudia. "Negative" ni hapana. "Mayday", ikitamkwa mara tatu, ni hatari ya maisha. "Pan-pan", mara tatu vilevile, ni jambo la haraka ambalo bado halijafika huko. Na rubani akipewa amri ya njia ya kurukia, mwinuko au masafa ya redio, lazima airudie neno kwa neno ili mwongozaji wa mnarani asikie kama imeeleweka. Wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa kwa simu hufanya vivyo hivyo: katoni ngapi umesema? Nane? Nane.

Ukali huo ulinunuliwa kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za Boeing 747, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia katika ukungu. Watu 583 walikufa. Rubani wa KLM alikuwa amepewa maelekezo ya njia atakayofuata baada ya kupaa, maelekezo yaliyokuwa na neno lile la kupaa ndani yake, na akaondoka kabla ya ruhusa yenyewe. Tangu hapo neno "take-off" halitajwi redioni ila pale ruhusa ya kupaa inapotolewa au inapofutwa. Kabla ya hapo husemwa "departure".

Tangu mwaka 2008 marubani na waongozaji wa safari za kimataifa hupimwa uwezo wa kuzungumza Kiingereza, na kiwango cha chini kinachokubalika ni cha 4 kati ya 6. Hilo ni jambo la kukumbuka katika nchi ambayo rubani anaweza kuwa Mrusi, fundi Mkenya, na mwongozaji mtu wa Juba.

Ukitoka nje ya miji mikubwa, hakuna mnara kabisa. Rubani hutangaza mwenyewe yuko wapi na anakusudia nini, akitumaini mwenzake aliye karibu anasikiliza masafa hayohayo. Kisha hupita chini mara moja kutazama kama kuna ng'ombe kwenye kiwanja. Viwanja vya namna hiyo havina taa, ndiyo maana rubani atakukataza kuchelewa saa za alasiri hata ukiomba dakika 20 za kuhesabu fedha.

Rubani akisema punguza

Ugomvi mwingi kati ya wenye mizigo na rubani ni wa kilo. Asubuhi walikubaliana tani tano, saa saba mchana rubani anasema magunia kumi yashuke. Mfanyabiashara anaona njama.

Mara nyingi si njama, ni joto. Hewa ya moto ni nyepesi. Bawa hupata cha kushika kidogo na injini nguvu hupungua. Juba iko kama mita 460 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Februari au Machi joto hupita nyuzi 35. Ndege ileile inahitaji njia ndefu zaidi ili kupaa. Kanuni za kimataifa zinampa rubani mkuu neno la mwisho juu ya chombo chake, na hakuna mwenye mali, meneja wala ofisa anayeruhusiwa kumlazimisha. Dawa yake ni kupima kwenye mizani mbele ya macho yako, kuandika uzito halisi, na kuomba safari ya alfajiri. Anayeficha kilo ili alipe kidogo amemwibia rubani hesabu yake, na rubani huyo yumo ndani ya ndege hiyohiyo na gunia.

Vitu vya hatari vina kanuni zake. Jenereta yenye petroli ndani, mtungi wa gesi, rangi ya mafuta, viberiti vya gesi, dawa za kuulia wadudu, hata manukato kwa wingi, lazima vitajwe na vifungwe kwa namna yake. Betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mzigo zilikatazwa ndani ya ndege za abiria tangu Aprili 2016. Chaja za mkononi, zile ambazo kila kibanda cha simu Gudele huuza, hazipakiwi kwenye begi la chini. Hukaa na abiria, na mpaka wa kawaida ni wati-saa 100. Ya miliampia 20,000 ina kama wati-saa 74, kwa hiyo inapita. Katoni nzima ya hizo si chaja yako binafsi tena, ni mzigo wa hatari.

Siku za kuhesabu

Bidhaa nyingi za Gudele huanzia Dubai au Guangzhou, hushuka Entebbe au Nairobi kwa ndege, kisha lori. Sehemu hiyo ya anga iko chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya, Uganda, Tanzania, China na Falme za Kiarabu zimo. Mzigo ukiharibika, malalamiko ya maandishi yawasilishwe ndani ya siku 14 tangu kuupokea. Ukichelewa, siku 21. Begi la abiria likiharibika, siku 7. Kesi mahakamani, miaka miwili. Malalamiko ya mdomo kwa karani hayahesabiki.

Fidia ina kikomo, na hapa wengi hushangaa. Tangu 28 Desemba 2024 ni vizio 26 vya fedha maalumu ya IMF kwa kila kilo, kama dola 35 hivi. Katoni ya simu yenye kilo 40 ikipotea, utalipwa takriban dola 1,400, hata kama ndani mlikuwa na simu za dola 8,000. Njia ya kuepuka ni moja, nayo ni kutangaza thamani kamili wakati wa kukabidhi mzigo na kulipa nyongeza itakayotakiwa. Tangazo hilo liandikwe kwenye hati ya mzigo, ile wanayoiita weibili.

Kwa abiria, mkataba huohuo unaangalia tiketi. Aliyekata Entebbe kwenda Juba na kurudi Entebbe analindwa nao, kwa kuwa safari yake inaanza na kuishia Uganda, hata kama nchi aliyoshukia katikati haijauridhia. Mwenye tiketi ya kwenda tu hana uhakika huo; kwake nchi zote mbili lazima ziwe zimeuridhia. Safari ya Juba hadi Wau peke yake haimo kabisa, hiyo ni ya sheria za Sudan Kusini na masharti yaliyochapwa nyuma ya tiketi, kwa herufi ndogo, ambazo ni afadhali uzisome ukiwa bado dukani, kwenye mwanga.